Sebilj ya Sarajevo: ni nani aliyeijenga, na je, jina lake ni lile neno letu "sabili"?

Bint Mkunazini anauliza:

Ndugu zangu, asalaam aleikum, na amani iwe kwenu nyote.

Mwezi uliopita nilisafiri kwenda Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, kufanya kazi ya ukalimani katika mkutano wa siku nne. Jioni ya siku ya kwanza wenyeji wetu walitutembeza Baščaršija, soko la kale la mji huo, na katikati ya uwanja wake ndipo nilipokiona kibanda cha maji wanachokiita Sebilj, ambacho sura yake imechorwa au kuchongwa kwenye kila kitu kinachouzwa pale, kuanzia sinia za shaba hadi sumaku za kubandika kwenye jokofu. Unapanda ngazi chache za mawe hadi kwenye msingi wenye bomba. Juu ya msingi huo kimekaa chumba cha mbao chenye pande nyingi, kilichozungushiwa kimia kama madirisha ya nyumba za zamani, na juu kabisa pana kuba ya shaba ambayo umri umeigeuza kuwa ya kijani. Njiwa ni wengi mno, na wakishtuka wakaruka kwa pamoja, kishindo cha mbawa zao humlazimu mtu akatishe mazungumzo.

Pale bombani palikuwa na mzee aliyekuwa akijaza chupa yake. Aliponiona nimesimama bila chombo hakunywa; aliifuta shingo ya chupa kwa leso, akanikabidhi mimi kwanza kwa mkono wa kulia, akasema neno moja tu, "Bujrum", ambalo mwenyeji wangu alinieleza kuwa ni sawa na kusema karibu. Maji yalikuwa baridi kiasi cha kuyatia meno ganzi. Mwenyeji wangu akacheka na kuniambia kwamba sasa nimeshafungwa, kwa kuwa anayekunywa maji ya Baščaršija lazima arudi Sarajevo.

Usiku ule usingizi ulinichelewa kwa sababu ya lile jina. Bibi yangu, Mwenyezi Mungu amzidishie umri, ana mtungi ambao huuweka mlangoni pa nyumba yetu hapa Unguja tangu kabla sijazaliwa, pamoja na kata ya kifuu, na akiulizwa maji yale ni ya nani hujibu kwamba ni maji ya sabili. Sikuwahi kufikiri kwamba neno hilo lingekuwa likinisubiri huko Ulaya, kwenye mji wa milimani unaofunikwa na theluji kila mwaka.

Naomba mwenye ujuzi anisaidie. Ni nani aliyeijenga Sebilj, na je, hii tunayoiona leo ndiyo ile ile ya mwanzo? Jina lake na neno letu ni kitu kimoja kweli, au nimedanganywa na masikio yangu? Na la mwisho, ambalo ndilo linalonisumbua zaidi: mji ule una misikiti, makanisa na madaraja makubwa na ya kale kuliko kibanda hicho, sasa ni kwa nini watu wake wakakichagua hicho kiwe uso wao?

Mzee wa Tanga anajibu:

Mwanangu Bint Mkunazini, waaleikum salaam. Nilisoma uhandisi Sarajevo katika miaka ya 1980, wakati Yugoslavia, nchi ambayo Bosnia ilikuwa sehemu yake, ilipokuwa ikiwapa vijana wa nchi zisizofungamana na upande wowote nafasi za masomo, na uwanja huo niliuvuka karibu kila siku nikienda na kurudi. Niliwahi hata kuona mji ulivyopambwa kwa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1984. Niruhusu basi nikujibu kwa kirefu kidogo, maana swali lako limenigusa.

Sebilj ya kwanza ilijengwa mwaka 1753 na Mehmed-paša Kukavica, aliyekuwa liwali wa Bosnia kwa niaba ya Sultani wa Istanbul, akiwa na daraja la waziri. Kiti cha maliwali zama hizo hakikuwa Sarajevo bali Travnik, mji ulio upande wa magharibi, na kwa hiyo kibanda hicho kilikuwa zawadi ya mtawala kwa mji ambao yeye mwenyewe hakuwa akiishi. Ili uelewe uzito wa zawadi hiyo, ni lazima ujue jinsi Sarajevo ilivyopata maji. Mji ulianzishwa na Isa-beg Ishaković katikati ya karne ya 15, na hati yake ya wakfu ya mwaka 1462 ndiyo huhesabiwa kuwa cheti cha kuzaliwa kwa mji. Baada yake akaja Gazi Husrev-beg, liwali aliyejenga msikiti mkuu uliokamilika mnamo 1531, akaufuatishia madrasa, hamamu, maduka na maji. Hapakuwa na halmashauri iliyotoza ada ya maji. Mtu mwenye uwezo aliyavuta maji kutoka chemchemi za milimani kwa mabomba ya udongo au ya mbao, akayafikisha mtaani, kisha akayawekea wakfu: kodi ya duka fulani au nyumba fulani ilitengwa daima kwa ajili ya kuyatunza maji hayo, hata baada ya yeye kuzikwa.

Sasa zingatia tofauti moja ambayo wageni wengi huipita bila kuiona. Bomba la umma lenye koki au mrija ukutani, ambalo mtu hujitekea mwenyewe, kwa Kibosnia huitwa česma. Sebilj ni kitu kingine. Sebilj ni chumba, na ndani ya chumba hicho alikaa mtu aliyeitwa sebildžija, ambaye kazi yake ilikuwa kujaza kikombe cha shaba, kukipitisha kwenye uwazi wa kimia, kumpa mpita njia, kukipokea tena, na kumjazia anayefuata. Kimia ulichokilinganisha na madirisha ya nyumba zetu kilikuwa na kazi yake: kilimpa kivuli yule wa ndani, kikaacha upepo upite uyapoze maji, na kikaacha nafasi ya mkono. Ukilijua hilo, umbo zima la jengo linaeleweka, kwani limejengwa kuuzunguka mkono wa mtu anayetoa maji. Mshahara wa mtu huyo ulitoka kwenye wakfu, na mnywaji hakudaiwa chochote.

Kuhusu swali lako la pili, hapana, hii ya leo siyo ile ya 1753. Sarajevo ni mji ulioungua mara nyingi. Mwaka 1697 jeshi la Prinsi Eugene wa Savoy liliuteketeza, na Sebilj ya Kukavica nayo iliangamia katika moto wa mwaka 1852. Mwaka 1878 Austria-Hungaria iliingia na kuitwaa Bosnia, na hii unayoiona ni kazi ya msanifu wao, Alexander Wittek, kwa mchoro wa mwaka 1891, nayo haikuwekwa palepale ilipokuwa ya kwanza bali ilisogezwa kidogo. Wittek alizaliwa mwaka ule ule wa 1852 ambao kibanda cha kwanza kiliungua, na mbali na usanifu alikuwa bingwa wa sataranji aliyeshiriki mashindano makubwa ya Berlin mwaka 1881. Ndiye pia aliyeshika usanifu wa Vijećnica, lile jengo kubwa la manispaa lenye mistari ya rangi mbili kando ya mto Miljacka, lakini alifariki mwaka 1894 kabla halijakamilika, na likafunguliwa mwaka 1896.

Waaustria walikuwa na mtindo wao wa kujenga Bosnia, ambao walidhani unawafaa Waislamu wa huko: waliazima matao na nakshi za Andalusia na Afrika Kaskazini, wakaziweka katikati ya watu ambao majengo yao ya asili yalifuata desturi ya Waturuki. Kwa hiyo Sebilj tunayoipenda ni picha ya Mashariki iliyochorwa na mtu wa Magharibi. Kwa muda fulani nikiwa mwanafunzi jambo hilo liliniudhi. Baadaye niliacha kuudhika, kwa sababu Wittek, hata kama nakshi zake ni za kuazima, alikihifadhi kile chumba na kile kimia, na wenyeji wakakipokea na kukifanya chao.

Mwalimu wa Lamu anajibu:

Namshukuru mzee wetu wa Tanga kwa maelezo ambayo hayapatikani kirahisi. Mimi nitajibu lile la lugha tu.

Dada, masikio yako hayakukudanganya. Asili ya maneno yote mawili ni neno la Kiarabu sabili, lenye maana ya njia. Kutoka hapo likapatikana lile tamko tunalolitumia sote, fisabilillahi, yaani katika njia ya Mwenyezi Mungu, ambalo hata wasiosoma Kiarabu hulitumia wanapotoa kitu bila kutaka malipo. Kitu cha kwanza ambacho watu waliwawekea wapita njia kilikuwa maji, na kwa hiyo maji yenyewe, na baadaye jengo la kutolea maji, vikachukua jina la njia. Kairo ina majengo mengi ya aina hiyo, na mojawapo, la Abd al-Rahman Katkhuda lililojengwa mwaka 1744, yaani miaka 9 tu kabla ya lile la Sarajevo, lina maji chini na chuo cha watoto cha Qur'ani juu. Istanbul ina lile la Sultani Ahmed wa Tatu la mwaka 1728, mbele ya lango la kasri ya Topkapı. Waturuki walitamka sebil, na Wabosnia wakalainisha mwisho wake wakapata sebilj.

Huku kwetu neno lilikuja kwa njia ya bahari, na likaenda mbali zaidi ya maji. Sisi tumelifanya kitenzi: mtu husabilia mali yake, na anayejitoa nafsi na nguvu zake kwa jambo fulani husemwa kwamba amejisabilia. Wabosnia wamelibakiza kwenye jengo. Na si neno hilo peke yake. Mbosnia hunywa kahva, hununua dukani kwake anakokuita dućan, hutoa sadaka, hutarajia sevap ambayo kwetu ni thawabu, na mali iliyofungwa kwa ajili ya Mungu huiita vakuf, nasi huiita wakfu. Hata cheo cha liwali alichokitaja mzee ni neno la ukoo huo huo, kwani watawala wa mikoa ya Waturuki waliitwa vali, na wa pwani yetu, chini ya masultani wa Zanzibar, wakaitwa maliwali.

Ukitaka mfano wa nyumbani, usiende mbali. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliyavuta maji ya chemchemi za upande wa Bububu kwa mabomba ya chuma hadi mjini, na watu wakayapata bila kulipa, baada ya mji ule kuteswa vibaya na kipindupindu. Ndiyo maana Mzanzibari hadi leo akisema mfereji anakusudia bomba la maji, wakati mtu wa bara akisikia mfereji hufikiria mtaro. Wazo lililomsukuma Barghash na lililomsukuma Kukavica ni moja, nalo ni sadaka inayoendelea kumfikia mtu akiwa kaburini.

Kijana wa Goma anajibu:

Wazee wangu na dada yangu, nawasalimu kwa heshima. Nimesoma yote kwa makini na nimejifunza mengi, lakini nina shaka ambayo naomba mniruhusu niitoe waziwazi.

Kama jengo ni la Mwaustria, na halipo pale lilipokuwa, na sebildžija hayupo tena, na maji yenyewe sasa hutoka kwenye mabomba ya manispaa kama maji ya jikoni, basi kilichobaki cha mwaka 1753 ni nini zaidi ya jina? Hata ile hadithi ya kwamba anayekunywa hurudi inafanana mno na ile ya Roma, ambako wageni hutupa sarafu katika chemchemi ya Trevi wakiamini jambo hilo hilo. Naogopa tusije tukawa tunalipa uzito jambo ambalo leo ni la watalii na njiwa. Na tena, mji ule una Waserbia, Wakroati na Wayahudi pamoja na Wabosnia Waislamu. Je, kitu kilichoanza kama wakfu wa Kiislamu kinaweza kweli kuwa uso wa watu wote hao?

Mama Furaha, St. Louis, anajibu:

Mdogo wangu wa Goma, mimi natoka Bukavu, jirani yako, na kwa miaka mingi sasa naishi St. Louis, Missouri. Sitabishana nawe juu ya historia, nitakueleza tu ninachokiona.

Katika mtaa wa Bevo, upande wa kusini wa mji wetu, pana Sebilj nyingine, iliyojengwa kwa mfano wa ile ya Sarajevo. Wabosnia walikuja hapa kwa maelfu katika miaka ya 1990 wakiikimbia vita, wakazikuta nyumba nyingi za mtaa huo zimeachwa, wakazitengeneza, wakafungua maduka ya mikate na mikahawa, na leo jamii yao ya hapa ni miongoni mwa kubwa kabisa katika Marekani nzima. Mji ulipokaribia kutimiza miaka 250, ambayo ilitimia mwaka 2014, wao walitaka kuupa zawadi mji uliowapokea. Wangeweza kuchagua sanamu ya shujaa wao, au jiwe lenye majina ya waliokufa. Walichagua kibanda cha maji.

Nina jirani, mama wa umri wangu, ambaye alifika hapa akiwa na mtoto mmoja mgongoni na begi moja. Sisi wakimbizi tunaelewana hata lugha inapopungua. Siku moja ya joto tulipita pale tukiwa na mifuko ya soko, akaniambia tuketi. Alikuwa na kikombe kidogo cha shaba ndani ya mkoba wake, kilichotengenezwa katika mtaa wa wafua shaba ulio karibu na Sebilj ya kwao, na alikuwa amekuja nacho kutoka nyumbani. Akamimina maji ya chupa ndani ya kikombe hicho akanipa, akangoja nimalize, ndipo akajimiminia yeye. Nilipoisoma habari ya yule mzee aliyemkabidhi Bint Mkunazini chupa kabla ya kunywa mwenyewe, nilimkumbuka jirani yangu, na nadhani huyo sebildžija ambaye kijana anasema hayupo, yupo.

Mzee wa Tanga anajibu tena:

Kijana wangu wa Goma, hukukosea kuuliza, na swali lako la watu wote linastahili jibu kamili.

Ukisimama kwenye ngazi za Sebilj, kwa mwendo wa dakika chache tu unaufikia msikiti wa Gazi Husrev-beg, kanisa la kale la Waorthodoksi, sinagogi la kale la Wayahudi waliokimbilia huko katika karne ya 16 baada ya kufukuzwa Hispania, na ukiongeza hatua kidogo unafika kwenye kanisa kuu la Wakatoliki. Kila nyumba kati ya hizo ina mlango wake na watu wake. Sebilj haina mlango wa kuingilia watu. Ina ngazi na maji. Aliyekuwa akipokea kikombe hakuulizwa anasali wapi, na kwa kweli sharti hilo limo ndani ya sabili yenyewe, kwani ukishaiweka njiani umeiweka kwa ajili ya kila apitaye njia. Mwaka 1989 Sarajevo ilipotaka kuupa Belgrade, mji mkuu wa Waserbia, zawadi ya udugu, iliupa Sebilj, na hadi leo ipo katika mtaa wa Skadarlija. Bursa huko Uturuki nako ina yake.

Miaka mitatu baada ya zawadi hiyo ya Belgrade, vita ilianza. Kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996, siku 1,425, Sarajevo ilizingirwa na majeshi yaliyokaa kwenye vilima vinavyouzunguka mji. Mimi nilikuwa nimekwisha kurudi nyumbani, nikisikiliza redio usiku. Waliouzingira mji walishika vyanzo vya maji na njia za umeme, na umeme ukikatika pampu husimama, kwa hiyo majumba marefu ya mtaa mpya yalikaa miezi bila tone. Watu walitembea na madumu hadi kwenye kiwanda cha bia cha mji, ambacho kimejengwa juu ya chemchemi, na hadi kwenye vyanzo vya zamani vya mitaa ya mlimani. Tarehe 12 Julai 1993 kombora liliangukia foleni ya maji katika mtaa wa Dobrinja, likaua zaidi ya watu 10 waliokuwa wamesimama na vyombo vyao. Mtaalamu wa misaada kutoka Marekani, Fred Cuny, alifikia hatua ya kufunga mitambo ya kusafisha maji ya mto Miljacka ndani ya handaki la barabara, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine ambapo makombora yasingeifikia. Ile Vijećnica ya Wittek, iliyokuwa imegeuzwa maktaba ya taifa, iliteketezwa mwezi Agosti 1992 pamoja na vitabu vyake, na haikufunguliwa tena hadi Mei 2014.

Mwaka wa pili wa kuzingirwa nilipata barua ya rafiki niliyesoma naye, iliyopitia mikono mingi kabla ya kunifikia. Aliniandikia habari za maji kurasa mbili nzima. Lita 20 alizibeba ngazi za ghorofa nane. Maji yaliyooshea mchele yalimnawisha mtoto uso, yaliyomnawisha mtoto yakafua soksi, na yaliyofua soksi yakatumika chooni. Akaandika kwamba kikongwe wa ghorofa ya tatu hakuweza tena kwenda foleni, na kwamba kila aliyepanda ngazi na madumu alisimama mlangoni pake akamimina kikombe kimoja katika sufuria iliyowekwa pale nje, bila kupatana na mtu. Rafiki yangu ni wa familia ya Kikroati, na kikongwe yule alikuwa Mserbia. Mwisho wa ukurasa alichora Sebilj kwa kalamu ya risasi, vibaya, kwa kuwa hakujaliwa kuchora, na chini yake hakuandika kitu.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali la kilichobaki. Kuhusu ile hadithi ya kurudi, wako wenyeji wanaoisimulia juu ya česma iliyo ukutani kwa msikiti wa Husrev-beg badala ya Sebilj, na sioni haja ya kuwaamulia. Wakati wa vita maelfu ya watu waliokuwa wameyanywa maji hayo tangu utotoni walitawanyika Sweden, Ujerumani, Austria na huko kwa Mama Furaha. Hadithi ya mtalii ikiingia kwenye kinywa cha mtu aliyefukuzwa kwake, inabeba mzigo mwingine, na hapo hailingani tena na sarafu za Trevi.

Kijana wa Goma anajibu:

Mzee, nimekuelewa, nami naondoa neno langu la watalii na njiwa. Naomba kuuliza jambo moja la mwisho: sufuria ya yule bibi, wakfu wake ulitoka wapi?

Mzee wa Tanga anajibu:

Ulitoka kwenye madumu ya waliokuwa wakipanda ngazi, mwanangu. Kila mmoja alikuwa na lita 20 za kuifikisha familia yake siku ya pili, naye alipunguza humo.

Bint Mkunazini anajibu:

Nawashukuru sana, wazee wangu, mama yangu na kaka yangu wa Goma. Leo mchana nilimsomea bibi mazungumzo haya yote kutoka mwanzo, akiwa ameketi barazani na tasbihi yake. Habari za Sultani wa Istanbul na za Mwaustria hazikumshughulisha sana. Aliponyanyua kichwa ni pale nilipofika kwenye chumba chenye kimia na mtu aliyekaa ndani akipitisha kikombe, akaniuliza kama mtu huyo alikuwa akikisuuza kikombe kila baada ya mnywaji, nami sikuwa na la kumjibu. Nilipofika kwenye sufuria ya ghorofa ya tatu alinyamaza kwa muda, kisha akasoma Fatiha.

Baadaye alinieleza jambo ambalo hajawahi kunieleza, kwamba mtungi wa kwanza haukuwa wake bali ulikuwa wa mama yake, aliyeuweka mlangoni baada ya kufiwa na mtoto wa kiume, na akaagiza usiwahi kukaa mtupu. Mtungi wa sasa ni wa tatu. Miwili ya kwanza ilipasuka, na vigae vyake vimetiwa kwenye shina la mlimau ulio uani. Kila alfajiri kabla ya sala bibi huumimina wote, huusugua ndani kwa makumbi ya nazi, huujaza upya na kuufunika kwa kawa, na nilipokuwa mdogo nilidhani kwamba nyumba zote hufanya hivyo.

Ameniomba nimtafutie picha ya Sebilj niitie kwenye fremu, naye anataka iwe ile inayoonyesha bomba na si ile ya kuba na njiwa. Nimeipata moja niliyoipiga mwenyewe, ambayo mkono wa yule mzee unaonekana umeishika chupa. Kesho nitaenda kuisafisha, na nikirudi nitaupiga picha mtungi pia niwaletee hapa muuone.